Kibao cha Kupakatia

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na mimi ni seremala ambaye mke wake anafanyia kazi mapajani. Usinicheke kwanza. Meza nilimtengenezea, tena ya mbao ngumu, yenye droo mbili zinazofunguka bila kelele. Mpaka leo imesimama chini ya dirisha la sebuleni, imebeba nguo zinazosubiri pasi. Shida si meza. Shida ni kwamba mke wangu hawezi kuikalia.

Mke wangu ni mchapaji. Mawakili wanamtumia sauti zilizorekodiwa kwenye mashauri, naye anasikiliza neno kwa neno na kuandika kwenye kompyuta. Ndugu wanagombea nyumba ya marehemu, yeye anaandika. Shahidi anakohoa, anaandika kwamba amekohoa. Watu wakinyamaza, anaandika "kimya", na wakinyamaza sana, "kimya kirefu". Nilimuuliza siku moja, sasa kimya nacho kinaandikwaje na hakuna aliyesema kitu? Akaniambia, "Bwana Kesho, hapo ndipo mambo yote yalipo." Bwana Kesho ni mimi. Jina hilo alinipa kwa sababu ya wateja wangu, ambao nikiwaambia kesho huwa namaanisha wiki ijayo, na kila ninapolalamika analirudia kwa sauti zaidi.

Kazi hiyo anaifanyia kwenye kitanda cha mama yake, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kompyuta ipo mapajani. Sikio la kushoto lina waya wa mawakili. Sikio la kulia ni la mama.

Mama mkwe wangu alikuwa dobi wa hospitali. Miaka ishirini na saba alinyoosha mashuka ya wagonjwa, na pasi aliipima kwa mgongo wa mkono. "Kiganja ni mwongo, kimezoea shida," alikuwa akisema. "Mgongo wa mkono haudanganyi." Chai aliipima hivyo hivyo, uji hivyo hivyo, na mapaji ya nyuso za wajukuu. Mwanamke safi, mkali, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao kujulishwa, mdogo mmoja wa mke wangu alinisalimia kwa utani, "Mambo, shemeji?" Nami kijana wa mjini nikajibu, "Poa!" Mama akainuka na kikombe chake, akaenda zake jikoni, hakurudi mpaka naondoka. Nikasema basi, posa imekufa, nimeonekana mhuni. Mke wangu akanituliza. Akasema kwao neno hilo halitumiki. Chai ikipoa, unasema imekuwa ya baridi. Yeye mwenyewe aliwahi kupigwa kofi kwa neno hilo akiwa darasa la tatu, na hakuambiwa kosa. Nikajua tu kwamba mama mkwe hapendi lugha ya vijiweni. Kila nyumba na miiko yake.

Uzee ukamjia na kusahau. Kwanza alisahau majina, tukacheka naye. Kisha akasahau kwamba amekula, kisha akasahau kwamba nyumba yetu ni yetu, akawa anafunga kitambaa chake kichwani na kutoka getini kwenda "nyumbani". Mara mbili nilimkuta njia panda, peku, magari yanampigia honi. Mara ya pili shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akapata habari. Huyu ni mtu wa ofisi, hapigi kelele, na ndiyo maana anatisha. Alisema kwenye simu, "Akitoka tena mara moja tu, namchukua nampeleka kwenye kituo cha wazee. Kule kuna geti na kuna manesi. Nyinyi hamwezi."

Mke wangu alilia siku nzima. Mama yake kwenye kituo, anavalishwa na watu asiowajua, haki ya Mungu hakukubali. Ndipo akahamishia kazi kitandani. Mama akikaa karibu naye, ameshika pindo la gauni lake, hatoki. Ukimwacha peke yake dakika kumi, hayupo.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ni kuukuu, na ina joto la jehanamu. Feni yake inavuma tangu asubuhi kama mtu mwenye pumu. Watu wa redio wanaiita kompyuta mpakato, nami nasema aliyetunga jina hilo hakuwahi kuipakata. Kinachopakatwa ni mtoto. Mtoto hakuunguzi.

Tulijaribu kila kitu. Mke wangu aliweka mto chini yake, ikazidi, maana mto unaziba matundu ya hewa. Akaweka sinia la bati, likashika moto ukadhani tunakaanga kitu. Akaishia kukunja shuka mara mbili na kuizungushia kompyuta pande zote, uso tu ukiwa nje.

Ndivyo ilivyokuwa siku mama alipoinua mkono wake, akaugeuza, akaweka mgongo wa mkono juu ya ile shuka.

"Mtoto ana homa," alisema.

"Mama, hii ni kompyuta."

"Nakwambia ana homa! Na anapumua kwa shida, husikii? Mzazi gani wewe?"

Walibishana nusu saa. Mama alilia, mke wangu naye akalia. Nikatoka karakana na vumbi langu la mbao kuamua ugomvi, nikaishia kusimama mlangoni kama gogo. Mwisho mke wangu alichoka. Akasema, "Ndiyo, mama. Ana homa. Namwangalia."

Mama akatulia palepale. Akasogea, akaegemeza bega lake kwa binti yake, akaacha mkono juu ya shuka. Alikaa hivyo mpaka mchana, hakuinuka hata mara moja.

Kuanzia siku hiyo tukawa na mgonjwa nyumbani. Asubuhi napita mlangoni, nainama kidogo kwa heshima ya ukwe, "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umemjulia hali mtoto?" "Nimemjulia, mama. Ana homa kidogo." Siku moja alileta kitambaa kilicholowa maji ili amkande, nusura azamishe kesi nzima ya mirathi. Mke wangu aliruka na kompyuta juu kama amekanyaga siafu, na tukacheka kwa siri jikoni mpaka machozi yakatutoka. Tukampa kitambaa kikavu, akawa anakanda kwa hicho. Lakini njia panda hakwenda tena. Miezi mitano, hata getini hakusogea. Shemeji akipiga simu, mke wangu anajibu kwa raha, "Mama yupo, katulia." Nyumba ikawa na amani.

Ilikuwa na amani mpaka nilipoyaona mapaja ya mke wangu. Alikuwa anajipaka mafuta, akavuta kanga haraka, nami nikamshika mkono. Ngozi ilikuwa imechorwa mistari ya kahawia, mmoja umeshika mwingine, utadhani alikalia wavu wa dirisha. Nilimpeleka zahanati kwa nguvu. Muuguzi alitazama kidogo tu akauliza, "Unaweka nini hapa cha moto?" Akasema si ukurutu wala si fangasi, ni joto la kila siku, na lisipoondolewa ngozi hiyo itakuja kuharibika kabisa. "Tafuta kibao," alisema. "Kibao tu cha kuweka katikati."

Kibao tu! Na mimi nimekaa na mbao nyumba nzima. Niliona aibu ile mbaya, ya kwenye mifupa.

Kwa hiyo nikakitengeneza, na ninasema bila kujisifu, ila kwa kujisifu kidogo, kwamba ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nilichagua plaiwudi nyembamba isimlemee. Nikakata upande mmoja kwa mviringo ili uingie tumboni vizuri. Chini nikapigilia vijiti vitatu ili hewa ipite, na juu nikatoboa matundu madogo arobaini na nane, kila moja nikalipitishia msasa kwa kidole. Mbele nikaweka ukingo mwembamba kompyuta isiteleze. Pembeni nikachonga kishimo cha kikombe. Mke wangu akashona mto wa sponji wa kukalia mapajani, tukaugundisha chini. Siku tatu nzima, kabati la mteja likisubiri. Nilipomkabidhi alikipapasa kile kishimo cha kikombe, akanitazama. "Bwana Kesho," alisema, "leo umekuwa Bwana Leo." Nilivimba kichwa, sikatai.

Kesho yake asubuhi nilikaa mlangoni makusudi nione kazi yangu ikifanya kazi. Shuka ilikunjwa ikawekwa pembeni, haikuhitajika tena. Kompyuta juu ya kibao, kibao juu ya mapaja. Hewa ikapita. Baada ya dakika chache ile feni, ambayo miaka yote haikuwahi kufunga mdomo, ikanyamaza.

Mama alitoka kunawa. Akakaa mahali pake, akageuza mkono, akaugusisha kwenye kompyuta. Akauacha hapo muda mrefu. Kisha akainamisha sikio.

"Amepoa," alisema.

Nami, mpumbavu nisiye na breki mdomoni, nikafurahi. Nilidhani ndiyo mwisho mzuri wa hadithi yetu, mgonjwa amepona. Nikasema kutoka mlangoni, "Amepoa kabisa, mama! Tumshukuru Mungu."

Mama hakunitazama. Alichukua kibao na kompyuta yake kwa mikono miwili, akaviweka mapajani mwake, akaanza kuyumba taratibu. Mke wangu akanyoosha mkono. "Usimwamshe," mama alisema. "Amelala. Amepoa, amelala." Tukaona ni jambo dogo, atachoka. Hakuchoka. Saa nne, saa tano, saa sita, anayumba tu. Chakula alikikataa. Mawakili walikuwa wanasubiri kazi yao, na mke wangu alipojaribu kuvuta waya kidogo, mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mwisho tulimshawishi aachie kompyuta. Kibao alikataa kukiachia.

Nilirudi karakana. Mke wangu alikwenda jikoni kumpashia uji. Dakika ngapi? Tano, labda sita. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na geti lilikuwa wazi.

Nilimkuta mbali zaidi ya njia panda, amevua kitambaa cha kichwani na kukifunika kibao changu, amekikumbatia kifuani, anatembea mbio katikati ya barabara kuelekea ilikokuwa hospitali yake ya zamani. Nywele zake nyeupe ziko wazi. Sikuwahi kuziona nywele za mama mkwe wangu. Magari yalikuwa yamesimama na watu wanachungulia. "Baba," aliniambia aliponitambua, "niachie nipite. Wanasema amekufa. Amepoa tu."

Mtaa hauna siri. Kabla jua halijapinda, shemeji alikuwa ameshapiga simu. Hakugomba. Alisema, "Jumamosi nakuja na gari. Mfungie nguo zake."

Mke wangu alimwita mama yake mdogo, ambaye ndiye ndugu pekee wa mama aliyebaki. Alikuja siku ileile, akamwona dada yake amejikunja ukutani na kibao, akatutoa nje wote wawili, tukakaa kwenye kizingiti.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Alisema amepoa," nilijibu. "Nami nikamuunga mkono."

Mama mdogo alijishika kichwa kwa mikono miwili. Ndipo akatueleza. Kabla ya shemeji yangu kulikuwa na mtoto. Wa kwanza, wa kike, wa mwaka mmoja na nusu. Homa ilimshika siku tatu, na siku zote tatu mama alimpakata. Asubuhi ya nne alitoka uani na mtoto wake mikononi, anacheka, anamwambia kila mtu, "Amepoa! Jamani, mtoto amepoa!" Alimpa jirani amguse, alimpa mama mdogo amguse. "Niligusa," mama mdogo alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua. Wote tulijua. Nikamwambia, ndiyo dada, amepoa. Ningemwambia nini?" Alimpakata mpaka alasiri, anamwimbia, anawakataza watu wasimwamshe, mpaka bibi yao alipokuja kumchukua kwa nguvu. "Tangu hapo neno hilo halikutamkwa kwetu."

Mke wangu alikuwa anaangalia miguu yake. Kama angekuwa anaandika, hapo angeandika kimya kirefu.

"Miaka yote nilijua kaka ndiye wa kwanza," alisema. Kisha akainuka, akafuta magoti, akaingia ndani.

Nilimfuata. Alikaa kitandani, akanyoosha miguu. Akaiwasha kompyuta, akaiweka kwenye mapaja yake bila kitu katikati, akaizungushia shuka ileile, akaikaza vizuri matundu yote yazibe. Nikaelewa anachofanya. Nikasema, "Mke wangu, muuguzi alisema…" Akaniambia, "Nyamaza." Tukasubiri. Kuna vitu duniani sijawahi kuviomba, lakini siku ile niliomba feni ivume. Ikaanza kidogo, ikapanda, ikawa ileile ya pumu.

"Mama," alisema mke wangu, "njoo umguse."

Mama hakutaka. Mama mdogo alimshika mkono, akaugeuza yeye mwenyewe, akauweka mgongo wake juu ya shuka. Tukamwona anashtuka. Akagusa tena. Akainamisha sikio, akasikiliza ile pumzi.

"Ana homa," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaanza kulia, lakini kilio kingine kabisa, huku anacheka. "Ana homa! Ee Mungu wangu, asante. Ana homa!"

Akaachia kibao. Kilianguka sakafuni, nikakiokota.

Jumamosi shemeji alifika na gari kama alivyosema. Mama yake mdogo alikuwa ameshamweleza kwa simu. Alisimama chumbani na suti yake, akamsikia mama akimwambia, "Mjomba wa mtoto umekuja? Mguse, ana homa." Akachuchumaa. Akageuza mkono, akaugusisha kwenye shuka, na alipokuwa anauondoa akayaona mapaja ya dada yake pale gauni lilipojikunja. Akasema, "Kweli, mama. Ana homa." Akatoka, akaja karakana kwangu, akakaa juu ya rundo la mbao na suti yake ileile. Kisha akaondoka bila abiria.

Usidhani sikujaribu. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kutafuta njia. Niliziba matundu arobaini na nane, moja moja, ili joto libaki juu. Mama alikiona tu akakisukuma. "Mtoto hapakatwi juu ya mbao." Nikafunga chupa ya maji ya moto kwenye shuka, nikamweka mke wangu mezani na kompyuta yake. Mama aliifungua shuka akanitazama kwa macho yake ya zamani, yale makali. "Baba, hii ni chupa. Unaniona nina wazimu?" Chupa haipumui.

Mke wangu alimwuliza muuguzi kama kuna mafuta ya kuzuia. Hakuna. Mistari inazidi kuwa mieusi, na pajani kushoto kuna mahali hapasikii tena hata ukipafinya. Nikimwambia tumpigie kaka yake, ananijibu, "Kesho, Bwana Kesho." Sasa neno langu ananirudishia, nami simpigii, kwa sababu akienda yule mama, mke wangu ndiye atakayekufa kwa majuto, na akibaki, anaungua. Nimepima pande zote mbili. Hakuna mahali pa kukata.

Kibao nimekitundika karakana kwenye msumari. Kizuri chajiuza, wateja wakikiona wanakitaka. Nimeshawatengenezea wanne, na wote wanapita kunishukuru. Mmoja aliniambia, "Fundi, umeniokoa mapaja." Nikamwambia asante, nikaendelea kupiga randa.

Kila asubuhi, kabla sijafungua karakana, napita pale mlangoni na kuinama. Wote wawili wameketi, mama ameegemea bega la binti yake, feni inavuma.

"Shikamoo, mama. Mtoto ameamkaje?"

Mama anageuza mkono, anapima, anasubiri kidogo. Mke wangu anaandika, meno ameyauma, hainui macho.

"Ana homa, baba."

"Tumshukuru Mungu," nasema.